Bekapu ya kila usiku ipo: je, sauti za wazee zimehifadhika?

Mwalimu_Kivinje

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa historia wilayani Kilwa. Mwaka 2007, ilipotimia miaka 100 tangu vita vya Maji Maji vimalizike, mimi na wenzangu wawili tulianza kupanda Umatumbini kurekodi wazee: Nandete, Kipatimu, Kibata, kisha tukateremka pwani. Walikuwapo wenye miaka 90 wakati ule, ambao baba zao walipigana. Wengi sasa hatunao. Tumefikisha saa 600 na ushee za mazungumzo, na bado tunaendelea kila likizo.

Sauti zote zimo kwenye seva ya kituo kidogo cha redio kinachotusaidia. Kila usiku seva inajinakili kwenye eksteno, yaani diski ya nje, iliyo chumba kile kile, na nakala nyingine inapanda kwenye wingu. Sasa seva imejaa. Kijana wa kompyuta, ambaye ni mchapakazi kweli, anataka tufute folda za 2007 hadi 2015. Anasema, "Zimo kwenye bekapu, Mwalimu, hazipotei." Amenipa mpaka Ijumaa nimjibu.

Moyo unasita, lakini sina hoja ya kumpa. Kuna tofauti gani kati ya bekapu na hifadhi ya kudumu, ile ambayo wengine huiita nyaraka na wengine makavazi? Kama data ni ile ile na imeshanakiliwa, si ndiyo imehifadhika?

FundiSeva

Mwalimu, Ijumaa usiruhusu hata faili moja lifutwe. Mwulize kijana mambo mawili: bekapu yake inashika siku ngapi nyuma, na lini mara ya mwisho alirudisha faili kutoka humo akalifungua.

Wengi huiweka siku 30. Maana yake ni kwamba ukifuta folda leo, usiku bekapu inaona folda haipo tena. Inakutunzia nakala ya jana kwa siku 30 ili ukijuta uirudie, halafu nayo inaiondoa ipate nafasi. Siku ya 31 folda ya 2007 haipo popote duniani, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukwambia.

Hiyo eksteno nayo, kama imechomekwa muda wote, radi ikipiga inakwenda pamoja na seva. Virusi vya kudai fidia vikiingia, vinafunga vyote viwili. Juni 2017 Maersk, hawa wenye makontena tunayoyaona bandarini kila siku, walipigwa na kirusi kiitwacho NotPetya. Seva zao zilizoshika orodha ya watumiaji wa mtandao mzima zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiwa bekapu ya mwenzake. Zote zikafutika kwa pamoja. Ilipona moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Data yake ikabebwa mkononi kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza. Kwa hiyo lazima nakala moja iwe imechomolewa.

Kanuni yetu mafundi ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Nunua diski mbili za TB 2, zile zenye sahani inayozunguka. Usichukue SSD, ile isiyo na sahani, wala flashi, hizo zikikaa muda mrefu bila umeme chaji inavuja, na joto la pwani linaongeza kasi. Nakili vyote, diski moja ifungie kabatini, nyingine peleka nyumbani. Hapo umemaliza.

BiMasjala

Marahaba mwanangu. Fundi amesema kweli tupu, isipokuwa hilo neno lake la mwisho. Ulipo sasa hujamaliza, ndiyo kwanza umezuia moto.

Nilifanya kazi masjala miaka 31, nikastaafu 2017. Tofauti unayoiuliza mimi mwenyewe sikuijua hadi iliponiaibisha mbele ya watu, ndiyo maana nataka nikusimulie.

Ofisi yetu ilipata kompyuta katikati ya miaka ya 1990. Mihtasari ya vikao tuliiandika kwa WordPerfect 5.1, ile yenye skrini ya buluu, tukaiweka kwenye diski laini za inchi 3.5. Baadaye ikaja seva, pamoja na kanda tano za kunakilia. Lebo nilizibandika kwa mkono wangu: Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa. Kila jioni kabla ya kufunga mlango naingiza kanda ya siku ile, nasubiri taa izime, naitoa, naifungia kwenye kasha la chuma. Nilijivunia kazi hiyo. Nikienda likizo nilikuwa napiga simu kuuliza kama kanda imeingia.

Mwaka 2012 ukazuka mgogoro wa kiwanja, wakili akahitaji muhtasari wa kikao cha 1999. Kwenye seva haukuwepo, watu walishasafisha mara kadhaa kupata nafasi. Nikasimama kwenye kikao nikasema msiwe na wasiwasi, kanda zipo. Nikaenda kuzifungua. Kanda ya Jumatatu ilikuwa na Jumatatu iliyopita. Kanda ya Ijumaa ilikuwa na Ijumaa iliyopita. Jioni zote zile kwa miaka zaidi ya kumi nilikuwa naandika juu ya yale ya wiki iliyotangulia.

Na hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika, mwanangu. Kanda zilikuwa nzima na mfumo ulifanya kazi yake sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuturudishia jana endapo leo ingeungua. Kukumbuka 1999 hakuna aliyewahi kuupa kazi hiyo, nami nilidhani inafanyika kwa sababu nilikuwa nasikia mashine inanguruma.

Diski laini nilizikuta kwenye kopo la biskuti, zimeota ukungu. Kati ya 14 zilisomeka mbili, na kikao chetu hakikuwamo.

Kilichotuokoa ni jalada. Karatasi imepigwa chapa, mwenyekiti na katibu wametia saini, imekaa kwenye folio yake, mbele yake barua ya kuitisha kikao na nyuma yake barua ya kuwajulisha wahusika. Nililitoa rafuni kwa dakika kumi, miaka 13 baada ya kufungwa, kwa sababu lilikuwa na namba na namba hiyo ilikuwa kwenye daftari la majalada. Aliyeliandika kwenye daftari lile alikuwa ameshafariki. Sikuhitaji kumwuliza.

Vijana wakisikia hivi husema Bi anapenda karatasi. Karatasi nayo inaliwa na mchwa, nimeyaona hayo pia. Ninachokitaka ukione ni kile alichokifanya yule karani mwaka 1999. Aliamua kwamba hiki kibaki. Akakipa namba isiyobadilika. Akakiweka na wenzake ili kieleweke kilitoka wapi. Akaandika ni cha nani na cha lini, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuingiza mkono kukirekebisha. Nakala rudufu, hiyo mnayoiita bekapu, haifanyi hata moja kati ya hayo. Yenyewe haiulizi kitu kina maana gani, inabeba vyote vilivyopo usiku ule, mihtasari na picha za harusi za wafanyakazi, na ikikuta kosa inalibeba kosa kwa uaminifu ule ule.

Kisha kuna hili ambalo kijana wako hajaliona. Nakala rudufu siku zote ni ya pili, ya kwanza ipo mahali inatumika. Akifuta folda ya 2007 kwenye seva, kilichobaki kwenye bekapu hakiwi nakala tena. Kinakuwa ndicho chenyewe, kimelala kwenye chombo kilichotengenezwa kisahau.

Kabla ya Ijumaa nifanyie jambo moja. Okota mafaili 20 ya miaka tofauti, usichague yale unayoyapenda. Yasikilize yote mpaka mwisho, na kwa kila moja jiulize: mtu ambaye hakuwa nasi siku ile atamjua anayesema?

Mwalimu_Kivinje

Bi, shikamoo tena. Imenichukua siku nne.

Mafaili 17 ni mazima. Moja la 2009 linajitambulisha kuwa la saa 1 na dakika 12, lakini dakika ya 11 sauti inakatika katikati ya neno, na kuanzia hapo ni kimya hadi mwisho. Tulikwenda kwenye eksteno, huko nako kimya dakika ya 11. Kwenye wingu vivyo hivyo. Kijana akachunguza, akaona faili liliandikwa upya 2019, mwaka tuliohamia seva mpya. Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukikinakili kimya, kila usiku, sehemu tatu.

Mawili yaliyobaki yamenisumbua zaidi. Sauti ni safi kabisa. Majina yake ni REC0012 na REC0031, na sisi wote watatu hatujui ni nani wanaozungumza. Daftari la safari za mwanzo alikuwa nalo mwenzetu, akahama kikazi, daftari likapotea njiani. Huyu wa REC0031 ni mama mtu mzima, anaeleza jinsi bibi yake alivyojificha na watoto msituni na walichokuwa wanakula njaa ilipoingia baada ya vita. Nililia, sioni haya kusema.

Kijana naye amenyamaza sana tangu jana. Folda hazifutwi.

Nimekuta boksi la MiniDisc 43, zile diski ndogo za sauti tulizorekodia mwanzoni kabla ya kuzihamishia kwenye kompyuta kuwa MP3. Hiyo ya 2009 naamini imo. Mashine yenyewe ilishakufa zamani.

Mkavazi_Mombasa

Pole sana Mwalimu, na usitupe hata diski moja. Zitunze zikiwa wima, mbali na jua, na zile zenye kitufe cha kuzuia kufuta kisukume kifunguke leo leo.

Mashine ya kutafuta ni Sony MZ-RH1 iliyotoka 2006. Hiyo inaweza kuvuta kwa USB yale mliyorekodi kwenye MiniDisc za kawaida, ikayaleta kompyutani kama data, bila kuyapitisha kwenye waya wa sauti. Iliyotumika bei yake imepanda, kwa hivyo ulizeni kwa watu waliokuwa watangazaji miaka ile, baadhi yao wameiweka tu kwenye droo. Mkiikosa, mashine yoyote inayocheza yenye tundu la waya itafaa, mtarekodi saa kwa saa.

Kuanzia sasa rekodini WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa kama MP3, ya 48 kHz na biti 24, ndicho kiwango cha chini ambacho jumuiya ya kimataifa ya makavazi ya sauti, IASA, inakipendekeza. Stereo ya kiwango hicho ni kama GB 1 kwa saa, kwa hivyo hata saa 600 zote zingeingia kwenye hizo TB 2 za Fundi na nafasi ikabaki. MP3 za zamani ziacheni zilivyo. Kuzigeuza WAV kunaongeza ukubwa tu, kilichokatwa hakirudi.

Sasa kuhusu lile faili la kimya. Kila faili likishaingia kwenye makavazi, litolewe cheksamu ya SHA-256. Ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaotokana na kila biti iliyo ndani, ni kama alama ya kidole. Biti moja ikibadilika, mfuatano wote unakuja tofauti. Mnaiandika pembeni, na kila mwaka, na kila mnapohama chombo, mnaitoa upya na kulinganisha. Mngekuwa nayo 2019, siku ile ile mngejua faili limeharibika, na seva ya zamani ilikuwa bado ipo mezani. Programu ya bekapu inaweza kukagua kama nakala inafanana na ya jana. Kama ya jana yenyewe ndiyo ile iliyorekodiwa Nandete, hilo hailijui.

FundiSeva

Nakubali, neno "umemaliza" nalirudisha. Sikuwahi kufikiria suala la majina ya mafaili kama ni sehemu ya usalama wa data. Mwalimu, cheksamu zote nitakuandikia skripti, yaani programu ndogo, bure, kijana aiendeshe.

BiMasjala

Fundi, Mungu akuzidishie.

Mwalimu, sasa tuzungumze kuhusu yule mama wa REC0031, maana hapo ndipo kazi yote ilipo.

Kuna kiwango cha kimataifa cha hifadhi za kidijitali, ISO 14721, chimbuko lake ni mashirika ya anga yaliyokuwa yanaogopa kupoteza data za satelaiti. Nilifundishwa kwenye semina miaka ya mwisho ya kazi. Kilichonishika ni jinsi kinavyoeleza "muda mrefu". Hakitaji miaka. Kinasema ni muda unaotosha teknolojia kubadilika, na watu watakaotumia kitu hicho nao kubadilika. Teknolojia Mombasa ameshaieleza. Watu je?

Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kuna majalada ya utawala wa Kijerumani. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Karatasi zipo, wino upo, lakini mengi yameandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo asiyefundishwa hausomi. Barua zetu wenyewe za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ni vijana wangapi wa Kivinje watakusomea? Kitu kimekaa salama na msomaji wake ameondoka. Sauti zako zitafika huko. Wazee wako wanatumia maneno ya Kimatumbi, wanataja mito na vilima kwa majina ambayo hayamo kwenye ramani. Miaka 50 ijayo faili litacheza vizuri na mjukuu hatajua linasema nini. Kwa hiyo andikeni sasa: nani, wa ukoo na kijiji gani, alikuwa na umri gani, nani aliuliza, lugha gani, tarehe, mahali, na maneno magumu na maana zake. Andikeni kwenye faili la maandishi matupu, likae folda moja na sauti, na mchapishe pia kwenye karatasi.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitawanyika kukusanya masimulizi ya vita hivyo hivyo, walimu wao wakiwasimamia. Yalipigwa chapa, na kila simulizi likapewa namba yenye mwaka 68 ndani yake. Wanahistoria mpaka leo wanazitaja namba hizo. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na utaratibu.

Wekeni namba zenu. REC0012 ni namba ya mashine, inaanza upya ukibadilisha kifaa, siku moja utakuta zipo tatu. Faili la kimya nalo lipeni namba, mwandike kwamba limeharibika na lini mligundua. Msilifiche.

Ruhusa pia. Kama mzee alisema jambo hili lisitoke mpaka nife, liandikwe. Nakala rudufu haina pa kuandika ahadi.

Halafu tafuteni mlezi mwingine. Nyinyi ni watu watatu, na kituo cha redio kinaweza kufungwa. Nyaraka za Taifa, maktaba ya chuo kikuu, wote waandikieni barua, nakala moja ikakae kwa watu ambao kutunza ndiyo kazi yao ya kila siku. Hizo TB 2 zenyewe mtazihamishia kwenye diski mpya kila baada ya miaka michache, na huko kwenye hifadhi mtaweka bekapu pia. Sijasema bekapu ni mbaya. Hifadhi isiyo na nakala rudufu ni moto mmoja tu.

Na yule mama, mchukueni mumpeleke kwao. Wekeni spika chini ya mwembe, watu wasikilize. Serikali ile iliyopigana na babu zake imeacha majalada mpaka kwenye orodha ya dunia. Yeye ameacha dakika ngapi?

Mwalimu_Kivinje

Dakika 38, Bi.

Tulikwenda Kipatimu Jumamosi, baada ya mvua kukatika. Tulimchezea mbele ya watu kama 30 hivi. Sentensi ya pili tu, binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni akasimama akasema, "Huyo bibi yangu, anavyokohoa hivyo." Alifariki 2011. Familia haikuwa na picha yake wala sauti yake. Tumewapa kwenye flashi, na binti ametusaidia kuandika jina kamili, ukoo, na jina la msitu. Msitu huo sasa ni shamba la ufuta.

Diski mbili zimenunuliwa, moja iko kwangu, nyingine kwa mwenzetu Lindi mjini. Kijana ndiye anayeendesha skripti ya Fundi, na amekataa kabisa mtu mwingine aiguse. Barua mbili zimeshapelekwa posta. MZ-RH1 bado, ila mtangazaji mmoja mstaafu ameahidi kupekua droo zake.

REC0012 hakuna aliyemtambua. Tunampeleka Kibata wiki ijayo.

Faili la kwanza la maelezo linaanza hivi: KLW-2008-031. Mwanamke, Kipatimu. Umri kwa kukadiria miaka 80. Kiswahili na Kimatumbi. Kikohozi kinasikika dakika ya 0:09.